Kofia ya Mtani

Jumanne, 1 Julai 2014

Siku ya mahafali sikuwa na homa. Nilichovya kipimajoto kwenye kikombe cha chai, nikakirudisha kwapani, nikamwita Mama. Hajui. Hakuna anayejua. Mama alibaki nyumbani nami, gauni lake jipya likabaki kwenye hanga. Nilikuwa nimechaguliwa kusema neno la shukrani kwa niaba ya darasa. Dakika mbili tu. Nilikuwa nimelikariri lote. Akasema mwingine.

Basi. Nimeliandika.

Leo sikukuu ya Kanada, Baba haendi kazini ghalani. Tumeshinda tunapima masanduku kwa mizani ya bafuni. Mama anapanda na sanduku, anashuka, anapanda bila sanduku, anatoa. Kisha anapunguza viatu vya mdogo wangu Happy na kubakiza zawadi za wifi yake. Jumatano ijayo tunakwenda Uingereza kwa Shangazi Sabina, dada yake Baba. Ameahidi kututembeza siku nzima mashambani tuone ngome na makanisa ya kale. Mama ameshanunua koti la mvua.

Mimi siendi kuona ngome. Naenda kwa ajili ya Mjomba Festo.

Naandika Kiswahili kwa sababu nalala chumba kimoja na Happy. Ana miaka kumi, kazaliwa hapa hapa Toronto. Kiswahili anakisikia chote, anajibu Kiingereza, kusoma hawezi. Daftari la Kiingereza angelimaliza kwa siku moja.

Alhamisi, 3 Julai

Mjomba Festo ni mume wa Shangazi. Mngoni. Sisi Wahehe. Wangoni na Wahehe ni watani tangu mababu walipopigana mpaka wakachoka. Kwa hiyo Mngoni anaweza kukuambia lolote, hata mbele ya jeneza la baba yako, nawe ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Anaweza kukukamatia kitu chako, kofia, mkoba, hata sufuria jikoni, na hukipati mpaka ukikomboe kwa anachotaka. Mtani hashtakiwi. Baba husema hivyo kana kwamba ni Amri ya Kumi na Moja.

Pasaka walikuja kututembelea. Tulikwenda ibada ya Kiswahili, ile ya mara moja kwa mwezi kwenye kanisa tunaloazima mtaa wa Parkdale. Mchungaji akataka mgeni asome neno. Mjomba akasimama, akatabasamu, akanielekeza kidole. "Msomaji ni binti yetu huyu. Mimi nitamharibia Bwana siku yake."

Sikuwa nimejiandaa. Nilifika mbele, nikafungua kinywa, neno la kwanza likakwama. Siku. Siku. Siku. Sijui ilikuwa muda gani. Nilisikia mtoto akiuliza kama nimemaliza. Mchungaji akaja akanichukulia Biblia mkononi taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

Hilo ningelisahau. Lakini chini ukumbini, wakati wa chakula, Mjomba alipanda kiti. Akashika ratiba ya ibada mbele ya uso. "Si... si... siku..." Kisha akajigonga kifua kama mtu anayegonga redio mbovu. "Betri zimekwisha. Mtoeni huyu mkamwanike juani."

Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Wazee walifuta machozi. Baba alicheka. Mama alicheka na kuniangalia, akacheka tena. Mtu alirekodi kwa simu.

Tangu siku hiyo jina langu ni Redio.

Namchukia. Naliandika tena nilione vizuri. Namchukia.

Jumamosi, 5 Julai

Hiki ndicho ninachokijua peke yangu.

Jumatatu ya Pasaka Mjomba alikuwa na kikohozi. Tulikuwa wawili tu jikoni. Akanipa chupa ya dawa nimwambie ni vijiko vingapi. Alisema miwani yake ameiacha Uingereza. Miwani ilikuwa kwenye mfuko wa shati. Niliiona, naye aliona nimeiona, akaikohoa ile aibu ikapita. Nikamsomea. Vijiko viwili, mara tatu.

Nikalisahau hilo kwa wiki. Kisha nikaanza kuangalia. Kwenye kundi la familia, kwenye simu, watu wote huandika. Yeye hutuma sauti tu. Hata pole ya msiba, sauti. Hata "ndiyo", sauti. Baba anasema ni uvivu wa Kingoni. Nikakumbuka mgahawani alivyofunika orodha ya vyakula na kusema, "Nileteeni kama cha shemeji." Nikakumbuka Shangazi alivyomjazia fomu uwanja wa ndege, kimyakimya, kama anavyomfunga kifungo cha shati.

Hajui kusoma. Mtu aliyenipandia kiti na kunicheka kwa kusoma, yeye mwenyewe hajui hata kidogo.

Nilipolielewa nilikuwa kwenye basi la Kipling. Nilishuka kituo kisicho changu, nikatembea.

Jumapili, 6 Julai

Ibada. Mama Joyce wa kwaya mlangoni: "Redio, jua limewaka leo, umeanikwa?" Nikatabasamu. Huwa natabasamu. Mashavu yanauma.

Mchungaji alitafuta msomaji. Hakunitazama hata kidogo. Amejifunza kutonitazama. Hilo ndilo baya kuliko kicheko.

Kumwambia Baba hakufai. Atasema namsingizia mtani. Kwenda kwa Shangazi, hapana. Nataka yeye mwenyewe asimame mbele ya maandishi, watu wakiwa kimya wanamsubiri, na kinywa kisitoe kitu. Dakika moja tu, anilipe ile yangu.

Yeye hutumia utani. Nami ni mtani wake. Haki ile ile ninayo, sijawahi kuitumia tu.

Alhamisi, 10 Julai

Tumefika Northampton. Nyumba ndogo ya matofali, ngazi nyembamba kama za meli. Shangazi amenenepa na amependeza. Kanikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Nampenda sana Shangazi. Nalisema kwa sababu ni kweli na kwa sababu linanisumbua.

Mjomba alitupokea uwanjani na kofia yake ya pama, ya rangi ya kahawia, haivui hata ndani ya gari. Nikamwambia shikamoo.

"Marahaba, Redio. Uko masafa gani siku hizi?"

Baba akacheka toka kiti cha mbele. Nikatabasamu.

Ijumaa, 11 Julai

Mjomba anafanya kazi ya kufua mashuka ya hospitali. Leo alikuwa na mapumziko. Ametueleza safari ya kesho, kwanza ngome, kisha magofu ya abasia, nyumba ya watawa wa zamani, kisha nyumbani. Anajua mambo mengi ajabu. Mwaka gani ngome ilizingirwa, nani alikufa kwa kiu, jiwe gani liliibwa. Baba alimsikiliza kwa heshima. Alisema Festo angekuwa mwalimu wa historia.

Nikajiuliza amepata wapi. Jioni Happy akaniambia, bila kujua anachonipa. Mjomba alimwahidi kumwonyesha vile vifaa vya kusikiliza, unabonyeza namba unashika sikioni, kinakusimulia. Alisema yeye huenda kila mwaka na husikiliza vyote, mara mbili mbili.

Kwa hiyo ni masikio. Amekariri kwa masikio.

Kwa hiyo ngomeni simwezi, wala abasiani. Inatakiwa mahali pasipo kifaa. Na Shangazi asiwe karibu, maana nimemwona: wakifika penye kibao yeye hutangulia kusoma kwa sauti, "jamani hapa wanasema hivi," naye Mjomba hudaka hapo hapo na kuendeleza. Miaka kumi na minane wanacheza mchezo huo na hakuna aliyewahi kuuona ila mimi.

Jumamosi, 12 Julai

Nitaandika yote kwa mpangilio.

Asubuhi Shangazi alikaanga kuku na kupika chapati, akajaza chupa mbili za chai. Gari moja, watu sita. Barabara nyembamba, nyua za miti pande zote, huoni shamba mpaka upite kwenye lango. Kondoo kila mahali. Mvua nyepesi, ikaacha, ikaanza.

Ngome haina paa. Majani yameota ndani ya kuta, vizuri, kama mkeka. Tulikula pale pale. Waingereza wanapita na mbwa wao, kila mtu na mbwa wake, wengine wawili. Mjomba hakuweza kuvumilia, maana Wangoni husema Wahehe tunakula mbwa.

"Shemeji, kitoweo kinapita. Tena kimenona, kimevalishwa na koti."

"Kula kuku wako," Baba alisema. "Wahehe hatuli mbele ya watu waliokimbia vita."

"Tulikimbia harufu ya mchuzi wenu."

Mama akapaliwa na chai. Mwanamke mmoja mwenye mbwa akatupungia mkono, nasi sote tukampungia kwa adabu kubwa. Nilicheka kidogo. Nilijikasirikia.

Abasiani Mjomba alitembea mbele na kile kifaa sikioni, na kofia yake, akitusimulia kwa Kiswahili kabla kifaa hakijamaliza. Mfalme alitaka mke mwingine. Papa akakataa. Mfalme akaezua makanisa, akauza madini ya risasi ya mapaa, watawa wakalala nje. "Mke mmoja tu huyo, jamani, na nchi nzima ikanyeshewa." Baba alirekodi. Ilipendeza kweli. Kama asingekuwa yeye ningeketi nimsikilize mpaka jioni.

Tukiwa njiani kurudi nikaona mnara mfupi wa kanisa nyuma ya miti. Nikamnong'oneza Happy aseme anataka kuliona. Happy akitaka kitu kinapatikana. Mjomba akaegesha kando ya lango la mbao. Nilishuka wa kwanza. Kwenye lango palikuwa na kibao, mistari sita au saba, herufi ndogo. Nilikisoma. Ni tangazo tu. Wageni wafunge lango, kuna kondoo, wasiwalishe mkate, mbwa wafungwe kamba. Hakuna historia yoyote.

Kizuri zaidi ya nilivyotarajia. Akibuni, atanaswa.

Shangazi alirudi garini kutafuta mwavuli. Nikaona ndiyo saa.  Nikamwendea Mjomba kutoka nyuma, nikainua mkono, nikamvua kofia.

"Nimekamata, mtani."

Wote wakageuka. Mama aliweka mkono kifuani. Baba alipiga kofi moja kubwa la furaha. Sijawahi kutania mtu maishani mwangu. Nyuso zao zilikuwa kama nyuso za watu wanaoona mtoto anatembea hatua ya kwanza.

"Redio imeshika mawimbi," Mjomba alisema. Alifurahi naye, kweli kabisa. Upara wake ulikuwa unang'aa kwa mvua. "Haya, nikomboe kwa nini? Soda? Barafu?"

"Utusomee hicho kibao."

Uso wake haukubadilika. Macho tu ndiyo yaliyokwenda garini na kurudi. Shangazi alikuwa ameinama kwenye buti.

Akaweka mikono nyuma kama profesa. Akainamia kibao. Akaanza. Kanisa hili lilijengwa na askari mmoja aliyerudi vitani na mguu mmoja. Alimzika hapa farasi wake kabla ya kumzika mkewe, na mke akifufuka siku ya mwisho atauliza kwa nini. Aliendelea hivyo, bila kusita, akipitisha kidole chini ya mistari. Kidole kilipofika mwisho wa mstari kilirudi mwanzo. Hata hilo alilijua.

Happy akadakia kwa Kiingereza, akasema si kweli, pameandikwa funga lango, kuna kondoo. Baba akainama akasoma. Akaanguka kwa kicheko, akashika nguzo ya lango. Mama alilia machozi. Walidhani ni utani. Walidhani ndio utani mkubwa kuliko wote wa siku hiyo.

Mjomba alicheka nao. Akaninyooshea mkono nimrudishie kofia. 

"Hujasoma," nikasema. "Soma kilichoandikwa."

Akanitazama. Pale ndipo alipojua kwamba najua. Ningeweza kuacha. Nilikuwa na nafasi ya kuacha, ndefu tu, kondoo mmoja alipita kati yetu na ukuta.

Kisha akafanya hivi. Akainua kiganja mbele ya uso kama karatasi. "Ta... ta... tafa..." Akajigonga kifua. Redio. Mbele ya kanisa la watu wasiotujua, tena, ili ajiokoe, alinipanda mimi mgongoni.

Wakacheka.

"Hajui kusoma," nikasema. "Mjomba hajui kusoma."

Sikukwama hata herufi moja. Sauti yangu ilikwenda mpaka kwenye makaburi.

Wakacheka zaidi. Baba alinishika bega, akamwambia Mjomba. "Mtani, leo umepatikana. Huyu hajui kusoma? Huyu aliyeandika ile barua ya posa? Babu yenu anaitunza kwenye Biblia yake mpaka leo kwa ajili ya mwandiko."

Wawili hawakucheka. Mjomba, na Shangazi aliyekuwa amefika na mwavuli mkononi, haujafunguliwa.

Kanisani hatukuingia. Mjomba akawasha gari. Mbwa mkubwa akavuka barabara mbele yetu na hakuna aliyesema neno. Mama akamuuliza kama amechoka. Akajibu ndiyo, dada, kidogo.

Kofia ilikuwa mapajani mwangu njia nzima.

Nilifurahi. Naandika ukweli. Niliitazama shingo yake kwa nyuma na nilifurahi.

Jumapili, 13 Julai

Niliamka mapema, Shangazi alikuwa jikoni anakwangua kikaango cha chapati. Akafunga mlango. Nilidhani atanipiga.

"Ile barua niliiandika mimi," alisema.

Sikuelewa.

Babu alikuwa mwalimu mkuu wa shule Iringa. Alitangaza kwamba asiyemaliza kidato cha nne asisogeze mguu kwake kutaka binti. Festo aliacha shule darasa la pili, baba yake alipofariki, akalima tumbaku na mama yake. Walipopendana wakadanganya kuwa amesoma Songea. Lakini mposaji lazima alete barua, na barua lazima iwe kwa mkono wake. Basi Shangazi akakaa kwenye meza ile ile ambayo Babu alisahihishia madaftari, akaandika. Babu akaisoma mbele ya wazee. Akaisifu. Akasema kijana anayeandika hivi hana haja ya kuhojiwa sana.

"Nilijiposa mwenyewe, Tumaini."

Nilicheka. Ilinitoka. Naye akacheka, mkono mdomoni, mabega yanatikisika. Kisha ikaisha ghafla kwa wote wawili.

Akasema Babu ana miaka themanini na moja. Akijua leo hatamchukia Festo. Atamchukia yeye. Jambo baya kuliko yote kwa Babu si ujinga, ni kudanganywa kwa maandishi. Hata Baba hajui. Na Baba hawezi kutunza neno, nikiligeuza likawa kweli atalimwaga kwa simu kabla hajavua viatu.

Nikamwambia kuhusu Pasaka. Kiti, betri, jina. Nikamwambia hata la mahafali, nusu. Alisikiliza yote.

"Mchungaji alimwita yeye asome," alisema. "Aliogopa. Akakutupia wewe kwa sababu wewe unaweza. Halafu alipokuona umesimama na kitabu na hakitoki kitu, akajiona mwenyewe pale mbele. Akawahi kucheka."

Akasema hilo halimaanishi kwamba alifanya vizuri.

Nilipanda juu. Sasa naelewa kila kitu. Kuelewa si kusamehe. Ni vitu viwili, nilidhani ni kimoja.

Jumanne, 15 Julai

Mvua. Mjomba anatoka kazini, anakula, anatazama mpira kwa sauti ya chini. Haniiti Redio. Haniiti kitu. Baba amejaribu mara mbili utani wa Wangoni kula panya na wa kukimbia vita, ukadondoka wenyewe. Baba anasema Mngoni ameishiwa.

Nina siri inayoweza kuvunja nyumba. Jana nilipokuwa napiga mswaki nilijitazama kwenye kioo, nikajaribu kuisema kwa Baba, taratibu, kwa ushahidi: dawa ya kikohozi, simu, fomu. Inatoka vizuri. Haikwami.

Anastahili. Shangazi hastahili. Hakuna namna ya kumpiga mmoja bila mwingine, nimetafuta.

Kama angekuwa peke yake ningemmaliza.

Jumamosi, 19 Julai

Uwanja wa ndege. Baba na Mama walikuwa foleni ya mizigo, Happy anakimbia na toroli. Nilimpelekea Mjomba kofia. Nilikuwa nimeipangusa. Nilitaka yaishe kimyakimya.

Hakuipokea.

"Haijakombolewa," alisema. "Ulitaka nisome. Sijasoma. Ni yako mpaka niweze."

Alisema hilo bila tabasamu, kichwa wazi, watu wanapita kila upande. Kisha akasema, "Nilikuigiza vibaya, mwanangu." Akamwangalia Shangazi aliyekuwa mbali, kama mtu anayeuliza kama amemaliza.

 Labda ningesema asante, labda sikutaka. Nilisema shikamoo, ambayo nilikuwa nimeshaisema asubuhi. Akajibu marahaba.

Ndani ya ndege Happy aliivaa kofia mpaka puani, akalala.

Jumatano, 23 Julai

Nyumbani Rexdale, Toronto. Joto. Ndege zinapita juu ya paa moja baada ya nyingine. Baba amerudi ghalani, nami nimeanza huko huko kazi ya kiangazi, kubandika lebo kwenye maboksi. Siongei na mtu. Ni vizuri.

Baba ameshamsimulia kila mtu safari. Ngome, Mfalme na wake zake, kondoo. Anamalizia na mimi. "Akamwambia, Mjomba hajui kusoma!" Watu wanaanguka. Mama Joyce alinipigia simu kunipongeza, akaniita Tumaini. Sikujua kama analijua jina hilo.

Jumamosi, 2 Agosti

Babu amepiga simu. Jumamosi ni siku yake. Aliongea na Baba, kisha Mama, kisha akataka kuongea nami, jambo ambalo si la kawaida, maana nami kwenye simu huwa nasema ndiyo Babu, hapana Babu.

Nilikwenda nayo kwenye ngazi za nje.

Aliniuliza nimeona nini. Nikamwambia ngome. Akauliza imejengwa kwa mawe gani. Nikasema sijui. Akasema, mtu akienda mahali aulize mawe.  Nilisikia jogoo upande wake, na redio ya jirani.

"Baba yako ananiambia umemwambia mume wa shangazi yako hajui kusoma."

"Ndiyo, Babu."

"Ni kweli?"

Hakuuliza kama mtu anayecheka. Aliuliza kama mwalimu, kwa sauti ya mtu anayetaka jibu moja na anajua kulisubiri. Nilikuwa nalo mdomoni. Neno moja. Nilifikiri juu ya kiti, juu ya wazee wakifuta machozi, juu ya kiganja chake mbele ya uso pale langoni. Nilifikiri juu ya Shangazi amekaa kwenye meza ya kusahihishia, anaandika taratibu, anajiombea mwenyewe.

"Hapana, Babu. Ulikuwa utani."

Akasema, "Vizuri. Utani wa namna hiyo husemwa mara moja. Usiurudie."

Nikasema sawa.

Akasema tena, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba Sabina alipokuwa darasa la kwanza alikuwa anaandika herufi zikilalia upande wa kushoto, na alimchapa sana kwa hilo, na hakuacha. Mpaka leo halijamtoka. Kisha akaniaga. Akasema salio linakwisha.

Nimekaa hapa ngazini. Nadhani anajua. Nadhani alijua siku ile ile, mbele ya wazee, kwa kuutazama tu mwandiko aliofundisha mwenyewe, akausifu kwa sauti na kuifunga barua ndani ya Biblia. Miaka kumi na minane amekaa nayo. Shangazi anaogopa, Mjomba anaogopa, na mzee mwenyewe analinda mlango.

Mjomba sijamsamehe. Labda mwakani. Labda akisoma. Sijui.

Sasa tuko wangapi tunaojua, na kila mmoja anadhani anamficha mwingine. Baba hajui, na Baba ndiye anayeisimulia kila siku.

Nawe daftari, najua huna mdomo. Hata hivyo nakuomba. La Shangazi, la Babu, na lile la kikombe cha chai. Kaa nayo. Usimwambie mtu.